Gari la kifahari la mseto: mambo madogo yanayoua betri kubwa

Magari ya kifahari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, yaani magari ya mseto au haibridi, si jambo geni tena katika barabara za Kigali, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mengi huingia yakiwa yameshatumika ng'ambo kwa miaka kadhaa, na anayeyanunua huku kwetu hukabidhiwa ufunguo bila kitabu cha maelekezo katika lugha anayoisoma, wala kumbukumbu ya matengenezo yaliyotangulia.

Siku taa ya tahadhari inapowaka kwenye dashibodi, mmiliki wa namna hiyo huwa tayari kuamini lolote atakaloambiwa. Jibu analolisikia mara kwa mara gereji ni fupi: betri imekufa, nunua nyingine. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia chanzo kikawa chujio lililojaa vumbi, betri ndogo iliyochoka, maji ya kupozea yaliyopungua au mafuta yasiyofaa yaliyotiwa kwenye kiyoyozi. Tofauti ya gharama kati ya majibu hayo inaweza kumeza akiba ya miaka mingi ya familia.

Makala hii inaeleza mambo ambayo mmiliki anapaswa kuyafahamu kabla ya kununua gari la aina hiyo, anapolitumia, na anapoketi na fundi kuamua kipi kibadilishwe. Mfano unaotumika ni Lexus RX ya mseto pamoja na pacha wake, Toyota Harrier Hybrid, magari yanayojulikana vyema katika ukanda huu.

Gari lenye nguvu za aina mbili

Lexus RX 400h ilianza kuuzwa mwaka 2005 ikiwa na injini ya silinda 6 ya lita 3.3. Nchini Japani gari hilo liliingia sokoni mwaka huohuo kwa jina la Toyota Harrier Hybrid, kwa kuwa wakati huo jina la Lexus lilikuwa bado halijaanza kutumika katika soko la huko. Ndiyo maana magari yenye usukani wa kulia yatokayo Japani hubeba jina la Harrier, ilhali katika nchi kama Rwanda, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara na usukani huwa kushoto, wengi hulifahamu kwa jina la RX. Mwaka 2009 ilifuata RX 450h yenye injini ya lita 3.5.

Matoleo hayo yana betri kubwa ya nikeli yenye volti 288, iliyowekwa chini ya kiti cha nyuma. Umeme wake hupitia kifaa kiitwacho inveta, ambacho huupandisha hadi kufikia volti 650 na kuupeleka kwenye mota zinazosukuma magurudumu. Gari halina stata wala alteneta ya kawaida. Kazi hizo hufanywa na mota za umeme zilizomo ndani ya giaboksi. Katika magari yanayovuta kwa magurudumu manne, ekseli ya nyuma ina mota yake yenyewe na hakuna shafti inayoiunganisha na injini. Mpangilio huo unatosha kwa barabara yenye utelezi, lakini haukukusudiwa kwa tope zito la mashambani.

Gari halichomekwi ukutani ili lichajiwe. Betri hupata umeme kutoka kwenye injini, na pia kila dereva anapokanyaga breki au gari linaposhuka mlima. Kompyuta huilinda betri isijae kabisa wala isiishe kabisa, na ulinzi huo ndio unaoiwezesha kudumu kwa miaka mingi.

Nchini Marekani, dhamana ya betri ya magari haya ilikuwa miaka 8 au maili 100,000, sawa na takriban kilomita 160,000. Kwa magari ya toleo la 2020 na kuendelea iliongezwa hadi miaka 10 au maili 150,000, takriban kilomita 240,000. Dhamana hiyo haivuki mipaka pamoja na gari lililotumika, lakini inaonyesha umri ambao mtengenezaji mwenyewe anautarajia.

Betri kubwa huhitaji hewa safi

Adui mkuu wa betri ni joto. Katika RX na Harrier, betri hupozwa na feni zinazovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia matundu yaliyo karibu na kiti cha nyuma. Abiria wasiojua hulifunika tundu hilo kwa mkoba, koti, blanketi la mtoto au zulia lililonunuliwa dukani. Vumbi la barabara ya changarawe nalo hujikusanya kwenye chujio na kwenye mapanga ya feni.

Hewa ikizibwa, moduli za katikati ya betri hupata joto kuliko zile za pembeni, na ndizo huanza kuchoka. Dalili ya mwanzo ni mvumo wa feni nyuma ya gari hata katika safari fupi. Dalili ya pili ni mistari ya chaji kwenye dashibodi kupanda na kushuka kwa haraka isiyo ya kawaida.

Tiba yake ni rahisi. Matundu yaachwe wazi. Chujio na feni visafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili kwa anayeishi kwenye barabara ya vumbi. Katika barabara hiyo, vioo vifungwe na kiyoyozi kiwashwe, kwa sababu hewa anayoivuta abiria ndiyo ileile inayoipoza betri. Gari lililoachwa juani mchana kutwa lifunguliwe milango kwa dakika chache kabla ya kuondoka.

Betri ndogo inayozima gari zima

Mbali na betri kubwa, kila gari la mseto lina betri ndogo ya volti 12. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta, na kompyuta ndizo huunganisha betri kubwa na gari. Ikiishiwa nguvu, neno READY halitokei kwenye dashibodi na gari haliondoki, hata kama betri kubwa ina chaji ya kutosha.

Betri ndogo iliyochoka huwasha taa nyingi kwa wakati mmoja: ya breki, ya usukani na ya mfumo wa mseto. Mmiliki akiona mseto huo wa taa, jambo la kwanza la kumwomba fundi ni kupima volti 12. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji kifaa cha gharama. Gari lililolala likionyesha chini ya volti 12, betri ndogo ichajiwe au ibadilishwe kwanza, ndipo kompyuta isomwe upya.

Katika baadhi ya magari, betri hiyo imewekwa sehemu ya mizigo badala ya chini ya boneti. Iliyo ndani ya gari lazima iwe ya aina iliyofungwa, yenye bomba la kutolea gesi nje. Betri ya kawaida ya maji haifai kuwekwa hapo. Waya zikiunganishwa kinyume wakati wa kuomba umeme kwa gari jingine, inveta na kompyuta vinaweza kuungua mara moja. Ufunguo wa kielektroniki nao usitundikwe karibu na gari usiku kucha, kwa kuwa mawasiliano kati ya viwili hivyo huendelea kula umeme.

Mikondo miwili ya kupozea

Injini ya kawaida ina rejeta moja na maji yake. Gari la mseto lina mikondo miwili: mmoja wa injini, mwingine wa inveta na mota. Kila mmoja una chupa yake chini ya boneti, na ule wa pili una pampu ndogo ya umeme. Fundi aliyezoea magari ya kawaida anaweza kuujaza mkondo wa kwanza na kuusahau wa pili kwa miaka.

Pampu hiyo ikifa, inveta hupata joto na kompyuta hupunguza nguvu ya gari au kulizima kabisa, hasa kwenye mlima mrefu. Bei ya pampu ni ndogo mno ikilinganishwa na ya inveta. Njia ya kuikagua ni kufungua kifuniko cha chupa ya inveta injini ikiwa ya baridi, kuliwasha gari hadi READY itokee, kisha kutazama kama kimiminika kinatikisika. Kikitulia tuli, pampu ichunguzwe siku hiyohiyo.

Kimiminika kinachotumika ni kile maalumu cha Toyota cha rangi ya waridi au kilicholingana nacho. Maji ya bomba hayafai katika mkondo wowote kati ya hiyo miwili. Hutia kutu na kuacha magadi.

Mwaka 2011 Toyota iliyaita tena magari ya Lexus RX 400h na Highlander Hybrid ya matoleo ya 2006 na 2007 kwa sababu ya hitilafu ndani ya inveta. Anayemiliki au anayetaka kununua gari la miaka hiyo aipeleke namba ya chasi kwa wakala rasmi ili ajue kama linahusika na kama lilirekebishwa.

Kiyoyozi na mafuta yasiyopitisha umeme

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea kimyakimya. Kompresa ya kiyoyozi katika magari haya haizungushwi na mkanda bali na umeme wa betri kubwa. Mafuta yaliyomo ndani yake hugusana na nyaya za mota, hivyo lazima yawe ya aina isiyopitisha umeme. Kwa Toyota na Lexus, mafuta hayo hujulikana kwa namba ND-11.

Fundi wa kiyoyozi akitia mafuta ya kawaida, au akitumia mashine yenye mabaki ya mafuta hayo, umeme wa volti nyingi huanza kuvuja kuelekea kwenye bodi. Kompyuta huligundua tatizo na kuandika kosa P0AA6, lenye maana kwamba kinga ya umeme imepungua. Gari huweza kukataa kuwaka tena, na mmiliki akaambiwa kwamba betri imeharibika. Kabla hajakubali, aulize swali moja: je, kiyoyozi kilijazwa gesi hivi karibuni, na kwa mafuta gani?

Injini, giaboksi na breki

Injini ya gari la mseto huzimika na kuwaka mara nyingi katika safari moja, na katika safari fupi za mjini haipati joto la kutosha. Mafuta yake yabadilishwe kwa wakati hata kama gari linaonekana kutembea kwa umeme muda mwingi. RX 450h hutumia mafuta mepesi ya 0W-20.

RX 400h na Harrier Hybrid ya lita 3.3 zina mkanda wa taimingi wa mpira, ambao lazima ubadilishwe kwa kilomita au miaka iliyotajwa na kitabu cha gari. RX 450h ina mnyororo badala ya mkanda. Mnunuzi wa gari la zamani asiyeona ushahidi kwamba mkanda ulibadilishwa achukulie kwamba haukubadilishwa.

Giaboksi haina klachi wala mkanda, lakini ina mafuta maalumu, na ndani yake zimo mota za umeme. Mafuta ya giaboksi nyingine yasichanganywe humo. Mota ya ekseli ya nyuma nayo ina mafuta yake, ambayo husahaulika zaidi.

Pedi za breki hudumu sana, kwa sababu mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Kudumu huko kuna hatari yake: pini za kalipa hukaa miaka bila kuguswa, zikashika kutu na kukwama, pedi upande mmoja ikaisha huku nyingine ikiwa nzima. Zifunguliwe na kupakwa grisi angalau mara moja kwa mwaka. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, hivyo hupaswa kubadilishwa hata kama pedi bado ni nene. Fundi asikanyage pedali na kutoa hewa kwa mtindo wa zamani. Mfumo huu una pampu ya umeme inayoweza kuamka mlango wa dereva unapofunguliwa, na kutoa hewa ipasavyo huhitaji kompyuta ya kupimia gari.

Kwa wanaoishi kwenye milima, kama ile ya Kigali, lipo jambo jingine. Katika mteremko mrefu betri hufikia kiwango chake cha juu na kuacha kupokea umeme. Hapo injini huzungushwa kwa kasi ili kusaidia kupunguza mwendo, na dereva husikia mngurumo mkubwa ilhali hajakanyaga mafuta. Hiyo si hitilafu. Kwenye magari yenye alama B, gia hiyo iwekwe mapema katika mteremko mrefu ili breki zisipate joto kupita kiasi.

Katika foleni, gari liachwe kwenye D huku mguu ukiwa kwenye breki, au liwekwe P. Likiwa kwenye N betri kubwa haichajiwi, na foleni ndefu yenye kiyoyozi huweza kuimaliza.

Nyaya za rangi ya chungwa

Umeme wa volti 288 unaua. Nyaya zote zenye volti hizo hufunikwa kwa rangi ya chungwa ili kila mtu azitambue. Mmiliki asizifungue, na asimruhusu fundi asiye na mafunzo azifungue.

Anayestahili kufanya kazi hiyo hulizima gari na kuuweka ufunguo mbali, hutenganisha betri ndogo, huvaa glavu za kuhami umeme zisizo na tundu, huchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake ili mtu mwingine asiirudishe. Baada ya hapo husubiri angalau dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa ndani ya inveta uishe, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Fundi asiyefuata hatua hizo anahatarisha maisha yake mwenyewe, na mteja ana haki ya kuliondoa gari lake.

Betri ikiwa imechoka kweli

Betri huchoka, na hilo halina budi kukubaliwa. Kosa linaloandikwa na kompyuta kwa kawaida ni P0A80. Hata hivyo namba hiyo peke yake si hukumu. Fundi atoe kwa maandishi volti za kila kundi la moduli, gari likiwa limetulia na likiwa linapanda mlima. Kundi moja au mawili yakishuka mbali kuliko mengine, moduli hizo ni mbovu. Yote yakishuka kwa pamoja, betri nzima imezeeka. Vibati vya shaba vinavyoziunganisha moduli navyo vikaguliwe. Vikiwa na kutu ya kijani, kipimo hupotoka.

Mmiliki ana njia tatu. Ya kwanza ni kubadilisha moduli mbovu tu. Ni ya bei nafuu, lakini moduli ngeni lazima ilingane na wenzake kwa uwezo na volti, la sivyo taa hurudi baada ya miezi michache, kwa kuwa moduli zilizobaki zina umri uleule. Ya pili ni kununua betri nzima iliyotolewa kwenye gari jingine, kama zinavyopatikana katika masoko ya vipuri ya Kisekka mjini Kampala au Kirinyaga Road mjini Nairobi. Hapo mnunuzi adai vipimo na dhamana ya maandishi, maana betri iliyokaa rafuni muda mrefu hupoteza uwezo. Ya tatu ni betri mpya, ghali kuliko zote, inayofaa kwa anayekusudia kubaki na gari kwa miaka mingi.

Katika njia zote tatu, feni na chujio visafishwe siku hiyohiyo. Betri mpya ikiwekwa kwenye njia ya hewa iliyoziba itafuata njia ya mwenzake. Na betri ya zamani isitupwe jalalani: ndani yake mna kimiminika kikali kinachounguza ngozi, nayo ina madini yanayoweza kutumika tena.

Kabla ya kununua

Sheria za uingizaji hutofautiana. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania huyatoza magari ya zamani ushuru wa ziada. Rwanda ilitoa nafuu ya kodi kwa magari ya umeme na ya mseto mwaka 2021, lakini magari ya mseto yakarejeshewa kodi mwaka 2025. Kutokana na hali hiyo, RX 400h inayouzwa leo Nairobi au Kampala kwa kawaida imeshakaa nchini miaka mingi, na umri wa betri yake ni wa kuuliza kwanza.

Mnunuzi alikute gari likiwa la baridi, halijawashwa siku hiyo. Aliendeshe kwa nusu saa ikiwemo kupanda mlima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, huku akiitazama mistari ya chaji. Asikilize feni ya nyuma. Ainue zulia na kutafuta tope au kutu chini ya viti, kwa kuwa gari lililozama kwenye maji huficha ubovu wake kwa miezi. Alipe kompyuta isomwe na fundi aliyemchagua yeye mwenyewe, si wa muuzaji. Kompyuta ikionyesha kwamba majaribio yake ya ndani bado hayajakamilika, huenda makosa yamefutwa asubuhi ileile. Arudi siku nyingine.

Baada ya kununua, gari lisiegeshwe kwa miezi bila kuguswa. Betri hupoteza chaji taratibu hata gari likiwa limezimwa, hivyo anayesafiri kwa muda mrefu amwachie mtu wa kuliendesha kwa nusu saa au zaidi mara kwa mara. Petroli isiachwe iishe kabisa, kwa sababu betri haiwezi kulifikisha gari mbali. Likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu yakizunguka chini, kwani mota huendelea kuzalisha umeme. Libebwe juu ya lori.

Daftari moja dogo ndani ya gari lingetosha kuandikia tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya mafuta na jina la gereji. Siku taa itakapowaka, fundi ataanza kwa kusoma yaliyokwishafanyika, na mmiliki ataweza kuuliza kwa nini betri inalaumiwa ilhali feni haijasafishwa kwa miaka miwili.